Rangi ya ukuta inaweza kumpoteza mtoto

Wilayani Kakonko, kama ilivyo Kibondo na Kasulu, udongo mwekundu ndio unaochagua rangi. Nusu ya chini ya ukuta wa darasa au zahanati hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea ili kuficha matope na alama za mikono. Mara nyingi mlango nao hupakwa rangi hiyohiyo, kopo liishe.

Kwa mtoto anayeona vizuri hilo si tatizo. Kwa mwenye uoni hafifu, mlango unamezwa na ukuta, na ngazi ya saruji isiyo na alama huonekana kama sakafu tambarare. Akijikwaa anaitwa mzembe. Akichelewa kuupata mlango wa choo anachekwa. Mwisho mzazi naye anaamini mwanawe ni mzito wa kuelewa.

Watoto wenye ualbino wamo katika kundi hili. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, na Kabanga wilayani Kasulu panajulikana kwa kuwahifadhi watoto hao. Macho yao huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo ukuta unaong'aa mbele ya dirisha huwaongezea shida.

Tiba yake si rangi ya bei kubwa, bali tofauti kati ya iliyokolea na iliyofifia. Uingereza, wataalamu wa majengo hupima uwezo wa rangi kurudisha mwanga kwa kipimo cha 0 hadi 100, na hushauri mlango na ukuta vitofautiane kwa pointi 30.

Mzazi anaweza kukagua kwa simu. Piga picha ya mlango, kisha igeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Mlango ukipotea kwenye picha, rangi haifai. Nyekundu na kijani huweza kufanana kabisa hapo, na wapo watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha.

Kwa hiyo kamati ya shule ikipanga kununua rangi, wazazi waombe ukuta wa krimu usiong'aa, mlango wa bluu iliyokolea na mstari wa njano kwenye ukingo wa kila ngazi. Kama sehemu ya chini ni lazima ikolee kwa sababu ya matope, fremu ya mlango ipakwe nyeupe. Ombi hilo lina msingi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na kila mtu.

Na mtoto anayesogeza daftari hadi puani, au anayepapasa ukuta mchana kweupe, asigombezwe. Apelekwe kupimwa macho.