Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: bima ya lazima iwe na mdhamini

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka Mtongwe, Likoni, nikiwa mmoja wa wenye tuktuk upande huu wa kivuko. Sheria inatulazimisha kununua bima, lakini kampuni tuliyoilipa ikianguka, deni linatufuata sisi majumbani. Hilo ndilo ninaloomba Mamlaka yako ya Kudhibiti Bima ilirekebishe.

Gharama za gari zimetupandia kutoka kila upande, na mengi hayako mikononi mwako. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na mwaka huohuo VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya kutengeneza barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Watu wa Changamwe na Likoni tunayaona magari yakiteremshwa Kilindini na mafuta yakishushwa Kipevu, na ukaribu huo hautupunguzii ila shilingi chache kwa lita. Kodi ya gari ya asilimia 2.5, ambayo kampuni za bima ndizo zingetutoza kwa niaba ya serikali, iliondolewa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, na vijana walikufa ndipo mswada wenyewe ukaondolewa. Hayo nitayapeleka kwa Hazina ya Taifa. La bima ni lako.

Watu huzungumzia wenye matatu na tuktuk kana kwamba wote ni matajiri. Huku bara ya Mombasa, mwenye gari ni mama aliyekopa kwenye chama akanunua tuktuk ya kubebea abiria Shika Adabu. Ni mzee aliyestaafu bandarini, kiinua mgongo chake chote kimeingia kwenye matatu moja ya Magongo na Mikindani. Ni kijana wa Mlaleo ambaye logbuku bado iko kwa waliomkopesha. Jioni dereva huleta hesabu, na katika hesabu hiyo mna mkopo, spea, fundi na bima. Wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa sababu pesa ya mwaka mzima haikusanyiki. Mwezi ukiisha bila kulipa, gari linalala.

Kwa hiyo tunalipa. Tunailipia bima isiyokuwa ya hiari, chini ya Sura ya 405, sheria tuliyorithi tangu enzi za ukoloni, iliyokusudiwa kumlinda abiria na mpita njia. Siipingi sheria hiyo. Mtoto akigongwa na gari pale Kongowea, mama yake asikose pa kushika. Ninachouliza ni hizo pesa zetu huenda wapi.

Maana historia ya kampuni za bima inaumiza. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005. Mamlaka yako ilipoanza kazi mwaka 2007, tulitumaini mambo yatabadilika. Mwaka 2008 ikafuata Invesco, 2009 Standard Assurance, 2011 Blue Shield, 2013 Concord. Invesco ilirudishwa sokoni, watu wakaiamini tena. Desemba 2023 ikawa zamu ya Xplico, na Agosti 2024 Invesco ikaingia kwenye ufilisi. Nyingi kati ya hizo zilikuwa ndizo kimbilio la magari ya abiria.

Kampuni ikishawekwa chini ya msimamizi, malipo husimamishwa. Lakini aliyeumia ana hukumu ya mahakama mkononi, na jina lililo kwenye hukumu ni la mwenye gari. Ndipo dalali wa mahakama anapobisha hodi. Mwenye gari hakukwepa bima wala hakuchelewa kulipa, na stika yake ilikuwa halali siku ya ajali. Hata hivyo gari linavutwa, linauzwa, na pengine deni halijaisha.

Utaniambia iko Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima. Naijua, kwa sababu tunaichangia: kila tunapolipia bima, robo ya asilimia moja huenda huko. Lakini Sura ya 405 inaitaka bima ilipe hadi shilingi milioni 3 kwa mtu aliyeumia, na kiwango cha juu kabisa cha Hazina ni shilingi 250,000 kwa dai. Hukumu ya milioni 3 ikitoka na kampuni imeshakufa, milioni 2 na laki 7 unusu zinabaki kwa nani? Kwa yule mzee wa bandarini. Na kama hanazo, aliyevunjika mguu anabaki na kijikaratasi cha mahakama.

Kila kampuni inapoanguka, bei nayo hupanda. Zile chache zilizobaki tayari kubeba magari ya abiria hupandisha, nasi hatuna pengine pa kwenda. Kabla ya hapo huwa zimeshindana kushusha bei kupita kiasi, zikikusanya pesa za leo kulipa madai ya jana. Ni kweli pia kuna ulaghai: majeruhi wa uongo, ajali za kutungwa, mawakili wanaowinda madai. Tunaulipia sote, na tungependa kuona waliopatikana na hatia wakitajwa. Lakini bei isiyoweza kulipa madai huonekana kwenye vitabu vya kampuni mapema, na anayevikagua vitabu hivyo ni wewe.

Julai 2024, mfanyabiashara S. K. Macharia alitangaza kuwa Directline, inayobeba sehemu kubwa ya magari ya abiria nchini, imefunga shughuli. Mamlaka yako ikatoka ikasema bima zake bado ni halali. Hilo mlifanya vyema. Lakini dereva wa tuktuk aliyeko foleni ya feri, mwenye abiria watatu nyuma, amsikilize nani asubuhi hiyo?

Wenye magari ya kibinafsi nao hawakusalimika. Nchi inaruhusu gari lililotumika hadi miaka minane kuingia. Mwalimu wa Kisauni akinunua Vitz ya umri huo, hana miaka mingi mbele kabla kampuni nyingi hazijakataa kumuuzia bima kamili, zikamwachia thadi pati peke yake. Akiibiwa, imekwenda.

Haya ndiyo ninayoomba. Kwanza na zaidi ya yote, kiwango cha Hazina hiyo ya fidia kwa madai ya ajali za magari kipandishwe kifikie zile milioni 3 za sheria, ili anayelazimishwa kununua asiwe ndiye mdhamini wa aliyemuuzia. Kama mchango wa robo asilimia hautoshi, njooni mtuambie unaotosha. Afadhali kuongezewa shilingi kadha kuliko kuuziwa gari. Pili, msimamizi anapoingia kwenye kampuni, aombe mahakama iwakinge pia wenye gari waliokuwa wamelipa, wakati madai yanapangwa. Tatu, kila robo ya mwaka tangazeni kwa Kiswahili, kwa kila kampuni ya magari ya abiria, madai iliyolipa na iliyolimbikiza, na wakala alazimike kubandika tangazo hilo mahali anapouzia.

Mswada wowote wa kubadilisha sheria hizi ukiandaliwa, leteni kikao cha maoni Likoni, Kisauni na Changamwe, si kwenye hoteli ya Nyali. Wenye tuktuk tutakuja, na risiti zetu tutakuja nazo.

Wako,
Mkaazi wa Mtongwe, Likoni