Punda Wawili, Mkokoteni Mmoja

Ukishuka matatu pale Kitengela asubuhi utawaona punda wakivuta mikokoteni ya maji. Wakifungwa wawili pamoja, mmoja mwenye nguvu na mwingine mchovu, mkokoteni huenda kwa mwendo wa yule mchovu. Shemeji yangu huwapita kila siku akielekea kwenye kibanda chake cha kuhariri video za harusi.

Mwaka jana kompyuta yake ilianza kumchelewesha. Video za siku hizi ni nzito, na maharusi hawana subira. Alikuwa na diski moja nzuri ya terabaiti 1, inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Akachomoa nyingine ya gigabaiti 500 kutoka kwa laptopu kuukuu, ya mizunguko 5,400, akaziunganisha zifanye kazi kama diski moja. Mafundi huuita mpangilio huo RAID 0.

Hukatwa faili vipande vidogo, tuseme vya kilobaiti 64. Cha kwanza huandikwa kwenye diski ya kwanza, cha pili kwenye ya pili, cha tatu kwenye ya kwanza tena, zamu kwa zamu. Diski zikiwa sawa, kasi hukaribia maradufu, kwani zote huandika kwa wakati mmoja. Zisipolingana, iliyo nyepesi humaliza fungu lake na kukaa ikimngoja mwenzake.

Shemeji alipima. Diski nzuri ikiwa peke yake ilisoma megabaiti 150 kwa sekunde, ya laptopu 80. Alitarajia 230. Akapata 160, yaani mara mbili ya ile ya polepole. Nafasi nayo? Windows hutaka sehemu zilizo sawa katika kila diski, kwa hiyo nusu ya ile kubwa ilibaki nje ya muungano.

Megabaiti 10! Nilicheka. Akanijibu, "Shemeji, kumi ni kumi." (SSD moja tu, hata hii ya kawaida ya SATA, husoma zaidi ya 500, lakini nani angemwambia?)

Tulichosahau wote wawili ni hatari. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha makala yao kuhusu RAID mwaka 1988, nia ilikuwa kuunganisha diski za bei nafuu na kuweka data ya akiba, ili moja ikifa kazi isipotee. Viwango vyao vilikuwa 1 hadi 5. Kile cha 0 kiliongezwa baadaye, nacho hakina akiba yoyote. Diski moja ikifa, kinachobaki kwenye nyingine ni kama gazeti lililokatwa kila mstari wa pili.

Novemba diski ya laptopu ilianza kugonga ndani, tik, tik, kisha ikanyamaza. Mlikuwa na harusi ya Kajiado humo. Kadi za kamera moja zilikuwa hazijafutwa bado. Za kamera ya pili zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine, na hiyo ndiyo iliyomnasa nyanya ya bibi harusi akimbariki mjukuu wake kwa maziwa. Ajuza huyo aliaga dunia wiki tatu baada ya sherehe.

Shemeji alipanda matatu hadi Kajiado akaeleze mwenyewe. Baba ya bibi harusi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana wangu, kwa nini hukuziacha kila moja peke yake?" Hakuwa na jibu. Alirudisha pesa zote, na mzee akakataa kuzipokea, jambo lililomuumiza zaidi.

Siku hizi diski nzuri hufanya kazi peke yake, na nyingine hupokea nakala kila jioni kabla ya kadi yoyote kufutwa. Ile ya laptopu iko kwa fundi mmoja Nairobi, aliyeahidi kujaribu kuifufua. Kila Jumatatu mzee hupiga simu kutoka Kajiado kuuliza.