Mwacheni Alale

Asubuhi moja, saa nne hivi, tulipita katika mtaa mmoja wa Butembo tukamkuta mama akitwanga sombe chini ya dirisha la jirani yake, huku akisema kwa sauti ya kusikika: "Jua limepanda, naye angali kitandani! Mwanaume gani huyo?" Basi mwanaume huyo ni zamu, yaani mlinzi wa usiku. Alisimama mlangoni pa ghala la mfanya biashara tangu saa kumi na mbili za jioni hata saa kumi na mbili za asubuhi, akarudi kwa miguu, akanywa chai, akajinyosha. Amelala muda wa saa tatu tu. Mama mwenyewe alilala saa nane, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Twasema wazi: maneno ya namna hiyo ni ya uongo, tena yaua watu polepole. Usingizi wa mchana ni haki ya mtu wa usiku, kama vile mshahara wake. Ndani ya mwili imo saa inayofuata jua, nayo haidanganyiki. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuchunguza jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi. Anayefanya kazi gizani hupigana nayo kila siku, na mchana hulala kidogo hata akijitahidi, sembuse akitwangiwa sombe sikioni.

Lakini tusimwonee mama peke yake. Wako mabwana wenye magari na maduka ambao humwajiri mtu kulinda usiku, na kulipokucha humwambia: "Papa zamu, osha gari kwanza, kisha uwapeleke watoto shuleni." Usiku saba kwa juma, saa 12 kila usiku, ni saa 84. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yasema saa 45 kwa juma. Labda atatokea mjuzi wa sheria kutuambia ya kuwa kazi ya ulinzi ina hesabu yake. Na iwe. Mwili hausomi hesabu hiyo.

Kisha bwana akimkuta zamu wake anasinzia saa kumi za usiku, amfukuza. Saa kumi za usiku, ndipo mwili unapopoa na akili inapokuwa nzito kuliko saa zote! Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hukosea sawa na mtu ambaye kileo katika damu yake kimefikia 0.05 kwa mia, kiasi ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Bwana huyo hangekubali mlevi alinde ghala lake. Ila amemlewesha yeye mwenyewe.

Na wauguzi je? Huko Beni, tangu mauaji yalipoanza mwezi wa Oktoba 2014, nani angemshauri mwuguzi arudi nyumbani saa nne za usiku? Hukaa mpaka kuche, hata kama kazi yake imekwisha. Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, hata ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287, na wauguzi wetu walikuwamo kati ya walioambukizwa. Kuvua mavazi ya kinga kwataka akili iliyo macho: hatua moja ikikosewa, mkono wachafuka. Mwenye kuwachosha wauguzi asidhani awachosha wao tu. Mgonjwa naye yumo.

Hapa twajishitaki wenyewe. Katika shirika letu tulimtoza faini dada mmoja mwuguzi kwa kukosa mikutano mitatu ya saa tatu za asubuhi. Alilipa bila neno. Baadaye ndipo tulipofahamu ya kuwa kila mara alikuwa ametoka kazini alfajiri.

Sasa tuseme na watu wa usiku wenyewe, maana nao hujidhuru. Wengine hunywa kasiksi asubuhi wapate kulala. Kileo hulaza upesi na kuamsha upesi, na usingizi wake haujengi mwili. Kahawa ni njema mwanzo wa usiku. Ya alfajiri huiba usingizi wa mchana. Bugali mzito wa saa saba za usiku hukaa tumboni kama jiwe. Afadhali kushiba kabla ya kwenda, na usiku kula kidogo. Kulala nusu saa kwa kupokezana, pale walipo wawili, si wizi wa kazi.

Jambo la makaa latutisha zaidi. Butembo iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na baridi yake twaijua. Zamu huingiza mbabula katika kibanda, hufunga mlango, hujikunyata. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, haamki tena. Mbabula ikae nje! Na bwana anunue koti zito. Bei yake ni ndogo kuliko sanduku la maiti.

Tena chandarua. Chatundikwa nyumbani, na mwenyewe yuko langoni usiku kucha, mbu wa malaria wakimla. Mikono mirefu, soksi, na dawa ya kujipaka ngozini ni sehemu ya vyombo vya kazi, kama tochi na filimbi. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1990 juu ya kazi ya usiku yasema mfanyakazi akiomba kupimwa afya yake apimwe bila kulipa. Ni bwana gani wa kwetu amewahi kumpeleka zamu wake kwa daktari kabla hajaanguka?

Faini ya dada yule tumemrudishia, na mkutano tumeuhamishia saa kumi za jioni. Amekwisha kuja mara mbili. Na mama wa sombe twamwomba kitu kidogo tu: akipeleke kinu upande wa pili wa nyumba.