Umeshapungua, Sasa Je?

Leo naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu hapa mjini tunalijua nusu. Nusu ya kwanza ni kupunguza mwili. Hiyo ina walimu kibao: walimu wa mazoezi, wauza juisi, wauza chai za kukata tumbo, na rafiki zako wa ofisini ambao kila Jumatatu wana mpango mpya. Nusu ya pili inaanza siku mizani inaposoma ile namba uliyokuwa unaitafuta. Kesho yake unakula nini? Hapo walimu wote kimya!

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kazi kubwa ni ile ya baada ya kupungua, na sisi tunaiingia bila maandalizi kwa sababu tunadhani tumeshamaliza. Halafu kilo zikirudi tunamwita mtu mlafi, kumbe hakuna aliyemwambia kinachomsubiri.

Mimi nilikuwa na kilo 88. Baada ya miezi tisa nikafika 74. Wiki tatu baadaye nikaenda likizo kwa shangazi yangu Mwamgongo. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Hifadhi ya Gombe upande wa kaskazini. Ndiyo Gombe ile ya sokwe, aliyofika Jane Goodall mwaka 1960. Ukitokea Kigoma mjini unapanda boti Kibirizi, unaiacha hifadhi kulia kwako, na ikiisha tu umefika. Mbele ziwa, nyuma milima.

Sasa fikiria mtu aliyepungua kilo 14 anashuka kwenye boti mbele ya shangazi yake. "Mwanangu, huko Dar hakuna chakula?" Jioni hiyo ulikuja ugali wa muhogo, dagaa na mawese mekundu yanayong'aa. Kesho yake migebuka. Majirani wakaja kunijulia hali, na mmoja akamuuliza shangazi pembeni kama nilishapimwa.

Msicheke. Swali hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na jirani zetu Waganda waliupa ugonjwa ule jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kizazi cha shangazi yangu kilizika watu waliokonda kwanza. Na hata leo, mtu akikonda bila kukusudia aende hospitali, maana yaweza kuwa kifua kikuu au kisukari. Kwa hiyo shangazi hanichokozi. Kwa macho yake sahani iliyojaa ni dawa, na kuikataa ni kumkataa yeye.

Tatizo ni kwamba hata mwili wenyewe uko upande wa shangazi! Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye mlo mkali kwa wiki 10. Walipowapima baada ya mwaka mzima, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilikokuwa. Leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini. Grelini, inayoamsha njaa, ilikuwa bado juu. Mwaka mzima, wadau.

Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani wakatuwekea hesabu. Kwa kila kilo unayopungua, mwili unatumia takriban kalori 20 hadi 30 pungufu kwa siku, wakati hamu ya kula inapanda kwa kalori kama 100 kwa siku. Chukua mtu aliyepungua kilo 10. Mwili wake unaunguza kalori 200 hadi 300 pungufu, huku njaa ikimsukuma kuelekea 1,000 za ziada. Huyo ndiye tunayemwambia "wewe umeshafika, kula tu"!

Hata dawa hazijaikwepa sheria hii. Sindano za semaglutaidi, ambazo sasa zinasemwa kila kona, zinapunguza mwili kweli. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa watu walioziacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja.

Je, ina maana hakuna anayefanikiwa? Wapo. Marekani kuna daftari la taifa, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, la watu waliopungua angalau kilo 13.6 wakakaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Limeshaandikisha zaidi ya watu 10,000. Wamejiandikisha wenyewe, kwa hiyo hawawakilishi kila mtu, lakini mambo wanayofanana yanafundisha. Robo tatu yao wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Tisa kati ya kumi wanafanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku. Wengi wanapata kifungua kinywa kila siku na hawakai sana mbele ya televisheni. Hakuna chai ya ajabu hapo. Ni mambo ya kawaida yasiyo na tarehe ya mwisho.

Na hiyo "tarehe ya mwisho" ndiyo inayotumaliza. Kujinyima kunavumilika kwa sababu kuna siku ya kuisha: harusi, sikukuu, namba fulani kwenye mizani. Kutunza uzito hakuna siku ya kuisha. Mwamgongo wanalielewa hili kuliko sisi, ingawa wao wanaongelea samaki. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi mmoja aliniambia miezi mitatu unaweza kuibana, ila akataka kujua lilipofunguliwa watu walirudi na nyavu gani. Nilimwelewa kwa haraka kuliko alivyotegemea.

Kwa hiyo nyavu zangu ni hizi, kama zitamsaidia mtu. Chakula nilikirudisha kidogo kidogo, tonge chache za ugali kila wiki, nikiangalia mizani. Sikuruka kutoka njaa hadi karamu. Sishikilii namba moja. Najiruhusu kati ya 73 na 76, nikivuka 76 nakaza kidogo, nikishuka chini ya 73 naongeza. Kilo moja au mbili zikipanda ndani ya siku chache sipigi kelele, kwa sababu mwili ukiweka akiba ya wanga unaiweka pamoja na maji, na hayo si mafuta. Nachunga mawese kuliko ugali, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Mawese siyaachi, mimi ni mtu wa Kigoma jamani, lakini nayapima.

Na shangazi je? Hapa vitabu vya Wazungu havisaidii, kwa sababu havimjui. Nilikaa naye jikoni nikamwambia ukweli: "Shangazi, siumwi, nilipunguza kwa makusudi, presha ilikuwa inapanda." Presha anaijua, inamsumbua dada yake. Nikaomba anipakulie nusu, kisha niongeze mwenyewe mbele yake. Akiona mkono wangu unarudi kwenye sufuria, roho yake inatulia. Asubuhi nilimsindikiza shambani mlimani, na kwa ile miinuko ya Mwamgongo sikuhitaji kulipia jimu!

Najua kuna atakayesema haya ni matatizo ya walioshiba. Sikubali. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Hao ni mama zetu, dada zetu na wenzetu wa ofisini, na nyuma ya namba hiyo kuna presha na kisukari. Tukiwafundisha kupungua tu, tunawafundisha kupungua mara tano na kunenepa mara tano.

Ombi langu ni dogo. Mtu akituonyesha picha yake ya zamani na ya sasa, tumpongeze, kisha tumuulize amejipangaje kwa mwaka unaofuata. Tuache pia kusalimiana kwa miili. "Umenenepa, mambo mazuri!" "Umekwisha, una nini?" Salamu zote mbili zinamwambia mtu kwamba mwili wake ni mali ya kikao. Kuna habari za kazi, za watoto, za nyumbani. Salamu zetu hazijapungua kiasi hicho.

Naomba kuwasilisha. Kama wewe ulipungua na umekaa hivyo mwaka mzima au zaidi, ulifanyaje? Na kama kilo zilirudi, nani alikuwa amekuandaa? Karibuni tujadili, ila matusi tafadhali yabaki huko huko.