Ufunguo wa kitabu uko kwa nani?

Kila mara tunapokutana na kuzungumza juu ya kusoma, mabishano yanaanza palepale. Upande mmoja wako wazee wanaosema: «Batoto ba leo habasomake tena, beko paka mu telefone.» Upande mwingine wako vijana, na pamoja nao watu wa miradi, wanaosema: «Karatasi imepitwa na wakati. Mutupatie tablete, mambo yatatengenea.» Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinakosea. Zinagombania chombo, lakini hazijiulizi kitabu kilichomo ndani kimefungwa namna gani, na ufunguo wake uko mkononi mwa nani.

1. Wazee wetu walikuwa na chombo chao

Kwanza tuwajibu wale wanaosema kwamba kusoma juu ya kitu cha kushika mkononi ni desturi ya wageni. Katika Buluba, wakubwa wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa. Ni ubao wa mti, mdogo, wa kutosha mkono mmoja, wenye shanga za rangi na alama za kuchongwa. Mwenye kuusoma aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, huku akieleza habari za wafalme, safari za mababu, mahali pa kuheshimiwa na ukoo wa watu. Kama hiyo si kusoma, ni nini basi?

Wazee hao hawakufunga akili zao katika chombo kimoja. Walikuwa na lukasa, walikuwa na kasala ya kutamkwa kwa mdomo, walikuwa na ngoma ya kutuma habari. Kila jambo lilipata chombo kilicholifaa. Kwa hiyo mzee anayekataza telefone kwa jina la desturi, tunamuomba aangalie desturi vizuri.

Lakini lukasa inatufundisha jambo lingine, na hilo linawahusu vijana. Leo mbao hizo nyingi ziko katika nyumba za makumbusho za ng'ambo. Moja iko Brooklyn Museum, kule New York. Mti uko, shanga ziko, hakuna kilichooza. Mtu anasimama mbele ya kioo, anaangalia, anasema ni kitu kizuri, anaenda zake. Hajasoma neno hata moja. Chombo kimepona, masomo yamebaki inje.

Tusifichane: lukasa nayo ilikuwa na ufunguo. Si kila mtu aliruhusiwa kuisoma, ilibidi kwanza kuingia katika Mbudye na kufundishwa. Lakini ufunguo huo ulikaa hapahapa, kwa watu waliojulikana na wote. Ulijua mlango wa kupiga hodi.

2. Kitabu ulichonunua ambacho si chako

Sasa tuangalie vitabu vinavyouzwa leo kwa njia ya mashine. Mwaka 2007 kampuni ya Amazon ilianza kuuza Kindle, chombo cha kusomea vitabu. Chombo chenyewe si kibaya. Lakini vitabu vingi vinavyouzwa kwa ajili yake vina kufuli, na mwenye duka ndiye anashika ufunguo.

Ni maneno tu? Hapana. Mwezi wa saba mwaka 2009, Amazon ilifuta ndani ya vyombo vya wanunuzi vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kwa sababu aliyewauzia hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa ilirudishwa, lakini kitabu kilitoka nyumbani bila mwenye nyumba kuulizwa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Hapo tena pesa ilirudishwa. Na mwezi wa pili mwaka 2025, Amazon iliondoa njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye ordinatere yako na kukipeleka katika Kindle kwa waya.

Mtu wa Ulaya anaweza kusema si neno, intaneti iko kila saa. Lakini sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua maisha yetu. Mega zinanunuliwa kwa pesa ileile ya bukari. Vitabu vinatembea kwa flashi, kwa Bluetooth, kwa waya, toka telefone ya ndugu mpaka telefone ya rafiki. Ile njia iliyofungwa ndiyo njia yetu. Nani angekubali kwamba mwenye duka aingie usiku katika nyumba ya mtu wa Katuba, atoe kitabu kwenye meza, kisha aache pesa mahali pake? Tungepiga kelele mpaka mtaa wote uamke. Mbona katika telefone tunanyamaza?

3. Tuchague nini?

Chombo cha kwanza ni kile tulicho nacho tayari, ni kusema telefone. Hatuna sababu ya kungoja tablete za mradi. Kile chombo cha kusomea tu, chenye kioo kisichowaka, kinapumzisha macho, na chaji yake inaweza kukaa majuma, kwa sababu kinatumia nguvu hasa wakati wa kugeuza ukurasa. Mahali umeme unapokatika kila siku, hiyo ni faida kubwa. Mwenye uwezo akinunue, lakini achague kile kinachokubali vitabu toka mahali popote.

Juu ya umbo la kitabu, hapo tunashikilia neno letu. PDF inafaa kwa kupeleka kwenye duka la fotokopi, kwa sababu ukurasa haubadiliki. Kwa kusoma katika telefone ni mateso: maandishi ya karatasi kubwa yanabanwa kwenye kioo kidogo, unavuta kushoto, unavuta kuume, mwisho unaacha. Ndipo watu wanasema vijana hawapendi kusoma! EPUB inajipanga kufuatana na kioo, na mzee asiyeona vizuri anakuza herufi kadiri anavyotaka. Kitabu kizima cha maneno matupu mara nyingi hakifiki mega 1, lakini kile kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinaweza kupita mega 50. Mwenye kulipa tofauti hiyo ni mwanafunzi.

Karatasi nayo ibaki. Haiombi chaji, inasomwa na wengi, na mtoto anaiona mezani. Tunajua mchwa, tunajua mvua, tunajua pia rafiki anayeazima na asirudishe. Kwa hiyo kitabu cha maana kisikae mahali pamoja tu.

Wengine wanatuambia: «Mukitoa kufuli, mwandishi atakula nini?» Swali ni la haki. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1986 inalinda haki za watunzi, na sisi hatumfundishi mtu kuiba. Lakini kufuli na bei ni mambo mawili. Kitabu kinaweza kuuzwa bila kufuli, kama vile cha karatasi kimeuzwa siku zote. Na maandishi ya desturi zetu, adui yake mkubwa si mwizi. Adui yake ni kukosa msomaji.

Tukumbuke kile kijitabu ambacho André Yav alikiandika mwaka 1965 juu ya historia ya mji wa Elisabethville, katika Kiswahili cha hapa kwetu, kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu. Kilikuwa kitu kidogo, kingeweza kupotea kabisa. Lakini nakala ilifikia mikono ya watafiti, na mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza; kisha maandishi yake yakawekwa kwenye intaneti kwa kila mtu. Kilipona kwa sababu kiliweza kunakiliwa. Kama kingekuwa na kufuli la duka lililofungwa, leo tungesema tu kwamba zamani kulikuwa na mzee mmoja aliyeandika kitu.

Basi tunaomba neno moja kwa wenye kuandaa vijitabu kama hiki. Kila kinachotoka kitoke kwa njia tatu: karatasi, EPUB bila kufuli, na sauti kwa wazee ambao macho yamechoka. Nakala ikae katika nyumba zaidi ya moja, na katika mji zaidi ya mmoja. Na kila mara mtu anapotuletea chombo kipya cha kusomea, kabla ya kusifu kioo chake tumuulize: wewe ukienda, tutaweza bado kufungua?