Shamba ndani ya msitu: mahindi yakikosa jua
Mkulima anayepewa kipande ndani ya msitu wa hifadhi apige hesabu kwanza. Ruvu Kaskazini, mkoani Pwani, katika mradi wa kuni wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanavijiji walipewa maeneo wapande miti pamoja na chakula, ili mkaa wa Dar es Salaam usitegemee miti ya asili peke yake. Mahindi hustawi miti ikiwa michanga. Kivuli kikifunga, jembe halina kazi, na miti yenyewe bado haijafikia kuuzwa. Nchini Kenya wafanyakazi walioishi katika vijiji vya misituni waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo hicho kilipopigwa marufuku. Walikuwa na nyumba, lakini ardhi ilikuwa ya serikali. Kabla ya kusafisha shamba, mtu aulize: mkataba ni wa miaka mingapi, na miti atavuna nani?