Mshindo Si Kipimo cha Uaminifu

Miongoni mwa Wakristo wengi imejengeka dhana kwamba utumishi uliobarikiwa hujitangaza wenyewe, iwe kwa wingi wa waumini, kwa ukubwa wa jengo, kwa ushuhuda unaotolewa kwenye kipaza sauti, au kwa jina linalosomwa pamoja na kiasi cha fedha siku ya harambee. Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake huwa mkubwa zaidi pale inapojifanya kumtetea mtumishi asiyejulikana, kwa maana watetezi hao humfariji kwa methali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba ukimya ungekosa thamani iwapo mshindo usingefuata.

Uaminifu wa sirini, yaani kudumu katika wajibu mbele za Mungu pasipo kutazamwa na watu wala kutarajia sifa zao, haufundishwi hivyo katika Injili. Katika sura ya 6 ya Mathayo, Yesu anazungumzia sadaka, sala na kufunga, na katika yote matatu anaonya kwamba anayetafuta macho ya watu amekwisha kupokea ujira wake, ilhali Baba huona yaliyofichika na kuyalipa. Inastahili kukumbukwa kwamba baadhi ya nakala za Kigiriki za baadaye ziliongeza kwenye ahadi hiyo neno lenye maana ya "hadharani", ambalo halimo katika nakala za kale zinazoaminiwa zaidi. Nyongeza hiyo inafanana mno na tamaa ya moyo wa binadamu, ambao hukubali kujificha kwa sharti tu kwamba siku moja utafichuliwa.

Historia ya Rabai, karibu na Mombasa, inaikabili tamaa hiyo waziwazi. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, alifika pwani mwaka 1846 kuungana na mmisionari mwenzake, Johann Ludwig Krapf. Vitabu humtaja kwa theluji ya Kilimanjaro aliyoiona Mei 1848, habari iliyobezwa na baadhi ya wanajiografia wa Ulaya, kisha humwacha hapohapo mlimani, ingawa miaka 27 ya utumishi wake pwani ilikuwa bado mbele yake. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki Rabai, akafiwa na mkewe, akapoteza uwezo wa kuona, akafundisha kundi dogo lisilokua, na kwa uvumilivu mkubwa akakusanya maneno ya Kinyasa kutoka kinywani mwa Salimini, mateka wa biashara ya utumwa aliyetokea upande wa Ziwa Nyasa. Kamusi waliyoitengeneza ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufariki.

Wanaomtetea hukimbilia kutaja yaliyofuata, hasa makazi ya watumwa walioachiwa huru ya Frere Town na kukua kwa Kanisa la Anglikana nchini Kenya, bila kutambua kwamba kwa kufanya hivyo wanakubali kipimo kilekile cha wanaomdharau. Mringe, mlemavu aliyekuwa wa kwanza kubatizwa Rabai, alifariki bila kuacha shule, kanisa wala maandishi. Kwa kipimo cha mshindo, saa alizofundishwa zilipotea bure. Kwa imani ya Kikristo, mtu huyo mmoja alitosha, na angetosha hata kama Rabai yote ingegeuka msitu baada yake.

Watakaopinga watataja taa iwekwayo juu ya kinara, nao wanastahili jibu. Taa hiyo huwekwa juu ili waliomo nyumbani waonane na kuiona kazi yao, si ili waketi wakiisifu taa. Upo upinzani mzito zaidi, kwamba mafundisho ya ukimya yametumiwa kumnyima katekista posho yake na kuwaacha nje ya vikao wanawake wanaofagia kanisa na kufua vitambaa vya altare. Hiyo ni dhuluma, na hakuna fundisho la unyenyekevu linaloweza kuihalalisha: kwamba Mungu huona sirini hakumpi mtunza hazina ruhusa ya kufumba macho. Katekista alipwe kwa kuwa ni haki yake, na alipwe pasipo kusimamishwa mbele ya kusanyiko apigiwe makofi ya kumfidia miaka aliyosahauliwa.

Rebmann alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, hakuweza kuiona njia wala bahari. Aliyemsindikiza mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa mwanzo wa Rabai, na vitabu vingi vinavyosimulia theluji ya Kilimanjaro havina hata mstari mmoja juu yake.